Mzee wa Kagera na binti wa kidato cha nne: nilichokiona kwenye kikao cha klabu Moshi, na ombi langu kwa klabu zote za Kaskazini

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nilialikwa kama mgeni kwenye kikao cha klabu moja ya huduma hapa Moshi, zile klabu za mtindo wa Rotary na Lions. Siku hiyo walitunukiwa watu wawili: binti wa kidato cha nne kutoka shule ya kata, na mzee mmoja wa Uru, huku mlimani Kilimanjaro, aliyekwenda Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Majina yao siyaweki, wala la klabu. Jina likishatoka mtandaoni halirudi, na hawa hawakuomba kujulikana.

Kwa asiyezifahamu klabu hizi: Rotary ilianzia Chicago tarehe 23 Februari 1905, mwanzilishi ni wakili aitwaye Paul Harris. Lions nayo ilianzia mji huo huo mwaka 1917 chini ya Melvin Jones. Sisi wa huku tunaijua zaidi Rotary kwa habari ya polio. Walianza kampeni yao kubwa ya chanjo mwaka 1985, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena kirusi cha polio cha asili. Kwa hiyo anayesema hawa watu wanakunywa chai tu, hajui anachosema.

Kikao chao kina utaratibu wake. Kengele inagongwa, wageni wanatambulishwa, kuna mtu wa kusimamia nidhamu, mgeni rasmi anazungumza, kengele inagongwa tena, watu wanarudi makazini. Muda unaheshimiwa kweli kweli. Ni jambo zuri kwenye nchi ambayo kikao cha saa nne huanza saa sita.

Aliyeitwa kwanza ni binti. Kila Jumamosi mchana huwakusanya watoto wa darasa la tatu na la nne wa mtaani kwao, wale ambao kusoma bado kunawapiga chenga, anawafundisha kwenye baraza la kanisa. Ubao wake ni mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi na fundi wa jirani, ameuegemeza ukutani, na kitasa chake bado kipo, ndicho anachoninginizia kitambaa cha kufutia. Hakuna aliyemtuma. Klabu ikampa cheti, madaftari, sare mpya na nauli ya muhula. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini mzazi yeyote wa shule ya kata anajua kwamba sare, viatu, nauli na chakula cha mchana bado vinamkaba. Zawadi ilikuwa ya akili.

Kisha akaitwa mzee. Suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mkunjo unasimama, bereti, nishani kifuani, fimbo. Ukumbi mzima ukasimama.

Mgeni rasmi akatoa hotuba nzuri kuhusu vita. Majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Amin kutangaza kwamba eneo lote mpaka Mto Kagera ni la Uganda. Daraja la Kyaka kuvunjwa. Mwalimu kulitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Mutukula, Masaka, Mbarara, mapigano makali ya Lukaya ambako askari wa Libya walikuwa upande wa Amin, Entebbe, na hatimaye Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Yote sahihi. Mzee alikuwa amekaa pale pale mbele, akisimuliwa vita vyake mwenyewe.

Kisha akapewa maiki aseme neno. Akasema, "Nashukuru. Mungu awabariki." Akakaa. Makofi, picha, kengele.

Ingeishia hapo, leo nisingekuwa na uzi wa kuanzisha.

Wakati wa chai binti akaenda kukaa karibu na mzee, upande wake wa kulia. Akainama. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akamuuliza swali ambalo sisi watu wazima wote hatukuwa nalo: "Babu, kule mvua ikinyesha mlikuwa mnalala wapi?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Chini ya lori," akasema. "Na lori lenyewe linavuja."

Ndipo akafunguka. Kabla ya vita alikuwa utingo wa lori la kusomba mazao. Malori ya watu na ya mashirika yalipochukuliwa kwenda vitani, na yeye aliyekuwa tayari mgambo akaenda na lori lake. Akaeleza walivyovuka Mto Kagera usiku kwenye daraja la kuelea lililowekwa na wahandisi wa jeshi, taa zote zimezimwa. Utingo anatembea mbele kwa miguu, amefunga kitambaa cheupe mgongoni ili dereva aone pa kufuata. Kitambaa kile ndiyo taa. Akasema alikuwa anasikia maji chini ya miguu yake na pumzi za injini kisogoni, na aliogopa lori la nyuma yake kuliko adui wa mbele.

Halafu akasimulia migomba. Walipoingia kwenye vijiji ng'ambo ya mto, alikuta migomba imesongamana pande zote za njia, kahawa chini yake, vijia vyembamba kati ya nyumba na nyumba. Akadhani yuko Uru. Ila hakuna mtu. Hakuna mbuzi, hakuna kuku, milango iko wazi. Ndani ya nyumba moja alikuta chungu bado kipo juu ya mafiga, ndizi zimeozea ndani yake. "Pale ndipo nilipojua kilichotuleta," akasema. "Hotuba nilizisikia redioni, lakini nilielewa kwenye kile chungu."

Watu walikuwa wamesimama na vikombe vyao mkononi, chai imepoa. Aliyekuwa na ofisi aliisahau ofisi. Binti alikuwa ameigeuza karatasi ya ratiba ya kikao, anaandika nyuma yake kwa herufi ndogo ndogo.

Katika mazungumzo hayo tukajua jambo jingine: mzee sikio lake la kushoto halisikii, tangu mizinga ya wakati ule. Pale mbele mshereheshaji alisimama kushotoni kwake. Aliombwa aseme anavyojisikia na atoe neno kwa vijana, naye hakusikia zaidi ya kuona maiki imeletwa. Daktari mmoja mwanachama akamuuliza maswali mawili matatu, akampangia siku ya kliniki. Tangu vita viishe, hakuna aliyekuwa amelijua hilo nje ya nyumba yake.

Ombi langu kwa klabu za Moshi, Arusha na kokote: mnapomtunuku mkongwe wa vita, msimweke jukwaani kama sanamu. Mpeni nusu ya kikao azungumze yeye. Na mnapomtunuku mwanafunzi siku hiyo hiyo, wakalisheni pamoja, mwanafunzi aulize na aandike. Cheti kipo pale pale, hakiondoki.

Na tufanye haraka. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 ni mzaliwa wa 1958, na huyo ndiye kijana wao. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 vitani na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, alituaga Oktoba 2024 akiwa amevuka miaka 100. Wakubwa wameandikwa vitabuni. Utingo wa Uru hajaandikwa popote, isipokuwa nyuma ya ile ratiba.

Nawasilisha.

Mdau wa Sakina

Mkuu, nimesoma mpaka mwisho na hadithi imenigusa, lakini niseme ukweli wangu. Hadithi hainunui dawa. Wengi waliokwenda vitani kupitia mgambo walirudi mashambani vita vilipokwisha, wala hawakuwa askari wa kuajiriwa. Wazee hawa wanahitaji matibabu, paa lisilovuja na mtu wa kuwafuatilia karatasi zao. Klabu zina wanasheria, wahasibu na madaktari. Wawape hao. Mambo ya kurekodi yatafuata.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Sakina, hatupishani. Mimi nasema tu kwamba kusikiliza ndiko kulikoleta matibabu. Mzee alikuwa amekaa meza moja na daktari kikao kizima, wamepeana mikono, wamepiga picha, na daktari hakujua habari ya sikio. Angejuaje? Kwenye hotuba hakukuwa na sikio, kulikuwa na Kampala. Ni swali la binti ndilo lililolitoa.

Kuhusu wanasheria na wahasibu, naunga mkono kabisa. Hata hivyo wakili naye ataanza kwa kumuuliza mzee: uliingia lini, kikosi gani, nani alikuwa mkubwa wako, karatasi ipi unayo. Mzee aliyekwisha kusimulia mbele ya mtu anayeandika ana pa kuanzia.

Mwalimu wa Historia, Arusha

Nashukuru kwa uzi huu. Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu wanaijua tarehe ya kuanguka kwa Kampala, hawamjui mtu yeyote aliyekuwepo. Na mara nyingi mtu huyo anaishi nyumba ya tatu kutoka shuleni.

Nyongeza kwa watu wa Moshi, maana wengi hamkumbuki: tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wakati vita bado vinaendelea, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapo hapo mjini kwenu. Ndiko ulikoundwa umoja wao wa UNLF, na ndiko alikochaguliwa Yusuf Lule kuuongoza. Kampala ilipoanguka mwezi uliofuata, Lule akaapishwa kuwa Rais wa Uganda. Kwa hiyo serikali iliyomrithi Amin ilipangwa Moshi. Sisi wa Arusha tuna Azimio la 1967, tuna makumbusho yake pale Kaloleni karibu na Mnara wa Mwenge, watoto tunawapeleka wanaona. Moshi mna mkutano mzito kiasi hicho na sijawahi kusikia mwanafunzi akiutaja. Yule binti wako akitafuta kazi ya likizo, awaulize wazee wa mjini waliouona mji wiki ile.

Na huku Arusha pia tuna sehemu yetu. Maofisa wa jeshi letu wanafunzwa Monduli. Waziri Mkuu wakati wa vita alikuwa Edward Sokoine, mtu wa Monduli. Wakongwe wako wengi, Arumeru, Longido, mjini.

Klabu za Rotary zina tawi la vijana wa shule linaitwa Interact, lipo duniani tangu 1962, ni la wenye miaka 12 mpaka 18. Lions nao wana Leo. Shule yenye Interact tayari ina vijana, mwalimu mlezi na klabu ya watu wazima nyuma yao. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuanzia, bila kuunda kamati mpya.

Mdau wa Majengo

Swali kwa mwanzisha uzi au kwa mwalimu. Babu yangu mdogo yupo Kibosho, alikuwa Kagera. Nikimuuliza anasema "ah, mambo ya zamani hayo," anabadilisha mazungumzo. Nifanyeje?

Mwalimu wa Historia, Arusha

Ndugu, usimuulize vita. Muulize siku aliyoondoka nyumbani: nani alimsindikiza, alivaa nini, alipanda gari wapi. Muulize chakula, viatu, barua. Ukianza na "uliua wangapi," kama vijana wengine wanavyouliza, umeshamfunga mdomo, na ana haki ya kufunga. Yako mambo ambayo mtu hayasemi mpaka anaingia kaburini na tusimlazimishe.

Nenda saa ambayo hana kazi wala usingizi. Mwache aongee Kichaga akitaka, usimkatishe kwa Kiswahili, maana kumbukumbu huja na lugha iliyozihifadhi. Simu iweke mezani aione, mwombe ruhusa kwanza, na zima mtandao ili isiite katikati. Akinyamaza, na wewe nyamaza. Kosa kubwa la vijana ni kujaza ukimya. Ukimaliza, weka nakala mahali pawili, moja ibaki na familia. Nakala nyingine, familia ikiridhia, ipelekeni maktaba ya mkoa.

Na usiirushe kwenye magrupu ya simu. Mzee alikuzungumzia wewe.

Mdau wa Missenyi

Nimeusoma uzi huu nikiwa huku huku kwenye ile migomba. Namshukuru mzee wa Uru, kwa niaba ya wazazi wangu. Mama alikuwa na mtoto mgongoni walipokimbia kwenda kusini ya mto, waliacha kila kitu jikoni. Ng'ombe walichukuliwa wote. Waliporudi, walianza na majembe ya kuazima.

Naomba jambo moja. Siku mtakapopata uwezo, mleteni mzee na yule binti Kaboya, huku Muleba, walikolazwa mashujaa wa vita vile. Atawakuta wenzake. Na akipita kwetu, tutampikia ndizi, safari hii azile.

Dada wa Kijenge

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nimeisoma michango yote na kuna mtu hajatajwa.

Bibi yangu, mzaa baba, alibaki kihambani Machame na watoto watano babu alipoondoka. Kahawa ilivunwa na yeye, akaibeba kichwani mpaka chama cha ushirika. Ng'ombe alikuwa wa kufugiwa ndani, majani yanafuatwa tambarare, unapanda nayo mlima kichwani. Babu alirudi salama. Baada ya vita ikaja ile miezi 18 ya kufunga mikanda aliyoitangaza Mwalimu, na wote tunajua ilipita 18. Bibi alisimama foleni ya sabuni na sukari tangu alfajiri, wakati mwingine anarudi na nusu kipande cha sabuni wanagawana na jirani. Anasema kipindi hicho alijifunza kufulia majivu.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, naangalia kwenye televisheni viongozi wakiweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua pale mnarani. Nafurahi kweli, babu yangu yumo humo. Lakini bibi sijawahi kumwona mtu akimuuliza hata kwa dakika moja. Ana miaka zaidi ya 80, akili iko timamu, na kumbukumbu zake zina tarehe kuliko za babu, kwa sababu yeye alikuwa anazihesabu siku.

Mwanzisha uzi, yule mzee wa Uru ana mke? Yupo? Aliitwa kwenye kikao?

Mwanzisha uzi

Dada, umeniuliza jambo zito. Ndiyo, mke wake yupo hai. Hakuitwa. Kadi ya mwaliko ilikuwa na jina la mzee peke yake.

Nimempigia mzee simu leo jioni, nikampa salamu za mdau wa Missenyi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema Kaboya angependa kufika, ana mwenzake wa lori moja aliyebaki huko. Nikamweleza na swali lako. Akamwita mama, akampa simu. Mama akanisalimu, nikamwamkia, nikamwambia kuna watu wanataka kujua alivyoishi wakati mzee yuko vitani. Akauliza, "Wanataka kujua nini, baba? Mimi sikwenda popote." Nikamwambia hilo hilo. Akasema tuje Jumapili baada ya ibada, kutakuwa na mtori.

Binti nimemtaarifu kupitia kwa mama yake, amekubali, wataandamana wote wawili. Safari hii anakuja na daftari jipya, mojawapo ya yale aliyopewa na klabu. Katibu wa klabu naye amesoma uzi huu. Ameniambia kikao kijacho cha kutunuku watawaalika mume na mke, na mzungumzaji mkuu atakuwa anayetunukiwa. Suala la safari ya Kaboya amesema atalifikisha kwenye bodi yao, nitawaletea majibu hapa hapa.

Mdau wa Sakina, uliposema wanasheria uligusa penyewe. Kama wewe mwenyewe ni wa fani hiyo au una rafiki, njoo PM (ujumbe wa faragha). Mzee ana karatasi kwenye bati la biskuti, hazijasomwa na mtu kwa miaka mingi, na zingine wino unafutika.

Wengine wenye mzee au bibi wa namna hii Hai, Rombo, Mwanga, Same, Arumeru au Monduli, andikeni kata tu, msiandike majina, ili walimu wenye Interact na Leo waone aliye karibu na shule yao.